Bibi alikuwa mtu wa siku ya pili

Kwetu kusini msiba haukosi watu. Mtu akifa asubuhi, mchana uwanja umeshajaa, turubai limefungwa, wanawake wako jikoni na masufuria ya kuazima, na hata yule mliyegombana nae mpaka wa shamba anakuja anakaa mkekani anasoma yasini. Siku ya tatu tunaanua matanga, watu wanaaga, magari ya Dar yanaondoka, mfiwa anabaki na nyumba yake. Sasa Bibi yangu mzaa mama kazi yake ilikuwa inaanzia hapo. Siku yenyewe ya msiba humuoni sana, anakuja, anatoa pole, wakishazika anarudi kwake, na wapo waliokuwa wanamsema kabisa kwamba yule bibi ana moyo mgumu. Ila wiki ya pili ukipita kwa mfiwa asubuhi mapema unamkuta amekaa barazani anachambua kisamvu, na wala hamzungumzii marehemu, anazungumzia kuku wa nani kaingia kwenye shamba la nani. Ukimuuliza mbona msibani hukukaa anakwambia "msibani mlikuwa mia, mlitaka nini na mimi."

Ametangulia mwaka 2023, msimu wa korosho umeshaisha. Binamu zangu wananisumbua tangu hapo niandike kidogo kwa ajili ya hawa watoto wadogo ambao wao wanamjua tu kama bibi kizee wa kiti cha plastiki aliyekuwa anawaita waume zake na wake wenzake na kuwanyima simu. Basi naandika, ila sitaandika kwamba alikuwa malaika maana mama yangu akisoma atacheka.

Kwanza umri. Hakuna anayeujua. Kitambulisho cha taifa kilimwandika 1946, mwenyewe akasomewa akasema sawa, basi kimbunga kilinikuta na miaka sita nina mtoto mgongoni. Kimbunga anachosema ni kile cha Lindi cha 1952, wazee wetu wote wa pwani hii wanahesabia hapo, nani alikuwa amezaliwa, nani alikuwa mwali, nani alikuwa anatambaa, na yeye alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa kwanza. Kwahiyo piga hesabu mwenyewe. Alikuwa anakumbuka bandari ya Mtwara inajengwa, mama yake akiuza mihogo ya kuchemsha kwa vibarua, na alikuwa anakumbuka treni ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ile reli ambayo Waingereza waliijenga kwa mbwembwe, karanga zikagoma, na mwanzoni mwa miaka ya sitini ikang'olewa yote. Vijana wa siku hizi ukiwaambia Mtwara kulikuwa na treni wanakuona unawapiga fiksi.

Mume wa kwanza alikuwa mkata mkonge Kikwetu, pale Lindi, akaenda na mkonge wake hakurudi, sio kwamba alikufa, alioa huko. Bibi alikaa, akasubiri, wajomba zake wakaenda kumuuliza, talaka ikaja kwa barua ambayo ilibidi asomewe na mtu wa nje, na hilo la kusomewa na mtu wa nje lilimuuma kuliko talaka yenyewe, nitarudi hapo. Akaolewa na babu yetu, mvuvi, mtu mpole ajabu, wakazaa, wengine wakabaki wengine wakaenda, mama yangu ni wa katikati.

Kijiji chetu kiko pwani, ng'ambo ya Mikindani ukielekea upande wa Sudi. Muhogo, minazi, mikorosho, bahari. Vita vya Msumbiji vilipoanza 1964 watu walivuka Ruvuma wakaja, wengi ni Wamakonde kama sisi, lugha moja, unyago mmoja, ila wamekuja na vitoto na sufuria basi. Kijiji kiliwapokea vizuri, hilo nasema kwa haki kabisa, siku za kwanza kila nyumba ilitoa unga. Halafu unga ukaisha, na ule mwaka muhogo haukuwa mzuri, ikaanza minong'ono kwamba hawa watakaa mpaka lini. Mama mmoja wa huko alikuwa na watoto wadogo na mume yuko vitani. Bibi hakumpa unga zaidi, maana hakuwa nao. Alimpa kipande cha shamba lake, kile cha mchanga karibu na mikorosho, na vipando vya muhogo, akawa anaenda kulima nae kila akimaliza la kwake. Pia alimuonyesha porini panapochimbwa ming'oko, vile viazi vya porini, na mtu wa kusini anajua kumuonyesha mgeni sehemu yako ya ming'oko ni kitu kikubwa, maana hiyo ndo inakuvusha miezi ya njaa, unachimba, unachemsha, chumvi na pilipili, siku imepita. Walikaa pale miaka. Msumbiji imepata uhuru 1975 na yule mama hakurudi moja kwa moja, mtoto wake mmoja ameoa kwetu, na leo ukija kwenye harusi ya familia yetu hutajua nani alivuka mto na nani alikutwa.

Sasa ile barua ya talaka. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miembe, na Bibi alikuwa wa mwanzo kujiandikisha, ana mtoto mgongoni na mwingine anamshika kanga. Alituambia aliapa hakuna mtu wa nje atakayemsomea barua tena. Akajua kusoma. Kuandika alikuwa anaandika kwa herufi kubwa tupu, hata barua ya mapenzi ingesomeka kama tangazo la mkutano wa kijiji.

Na kusoma ndo kulikomwingiza kwenye mambo ya watu. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wanaikumbuka, vikundi vinakusanyika kusikiliza redio, kuna kitabu, kipindi kikiisha mnajadili halafu mnaenda kufanya mlichokisikia: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Nchi nzima walishiriki watu karibu milioni mbili. Kijijini kwetu kiongozi wa kikundi alitakiwa awe anajua kusoma, wanaume waliojua kusoma walikuwa wachache na wenyewe walikuwa bize na bahari, kwahiyo akawa yeye. Kipindi kikiisha kila mtu ananyoosha mkono kwamba atachimba choo. Kesho yake hakuna aliyechimba. Bibi hakuitisha mkutano mwingine, alibeba jembe lake akaenda nyumba ya kwanza, akasema nimekuja tuchimbe. Mwenye nyumba mwanaume kamili atakaaje kwenye kiti huku mwanamke mwenye mimba anachimba shimo la choo chake? Akamnyang'anya jembe. Bibi akahamia nyumba ya pili. Alikuwa anasimulia hii stori anacheka mpaka machozi, anasema katika vyoo vyote vya ule upande wa kijiji yeye alichimba shimo la kufika magotini tu, mengine ni aibu za wanaume.

Mi naona hapo ndo palikuwa na akili yake yote. Watu wanamsifia kwamba alikuwa na huruma, sawa, lakini watu wenye huruma kwetu wamejaa. Yeye alikuwa anarudi. Umesema utafanya, kesho yuko mlangoni, hakugombezi, hakukumbushi, amekuja tu na jembe.

Haya sasa twende upande wa pili ambao kwenye misiba hausemwi. Nimeishi kwake kuanzia darasa la pili mpaka la saba, mama yuko Mtwara mjini anauza samaki, kwahiyo naongea nilichokiona. Mtu mmoja akijitolea kijijini, nyumba nzima imejitolea bila kuulizwa. Bibi akiondoka alfajiri kwenda kwa mzazi, maji anachota nani? Mimi. Muhogo anatwanga nani? Mimi na dada yangu. Babu akirudi baharini anapakuliwa na nani? Sisi. Tulikuwa tunaenda shule tumechoka, na ukilalamika anakuita "mke mwenzangu" kwa sauti ya kubembeleza halafu anakuongezea ndoo. Wavulana walikuwa wanacheza mpira, hilo nalo nalisema.

Kuna msimu mmoja sitausahau. Korosho zilikuwa hazijafika sokoni wala wapi, ziko mtini, na Bibi akaziuza kangomba. Kwa msiojua, kangomba ni yule mlanguzi anayekuja kabla ya msimu na hela mkononi na bakuli lake la kupimia, anakupa bei ya kutupa, ukivuna zake. Hela ile ilitakiwa iwe sare zetu za shule na bati la jikoni. Ikaenda kukodi gari usiku kumpeleka mke wa jirani hospitali ya Ligula, uchungu umegoma tangu asubuhi. Yule mama alipona, mtoto alipona, tena huyo mtoto sasa hivi ni bodaboda pale stendi ya Mikindani. Ila mama yangu alivyokuja kusikia korosho zimeenda kangomba alinuna wiki nzima. Walirushiana maneno mbele yetu. Mama anasema kwanini wewe, kijiji kina watu, mwenyekiti yupo, mume wake yupo. Bibi anasema waliitwa wote, na wote walisema tusubiri mpaka asubuhi. Mama anasema na watoto wangu waende shule uchi? Bibi hakujibu. Nilivaa sare ya viraka mwaka ule mzima, na mpaka leo sijui ni nani alikuwa na haki pale, kila nikifikiri napata jibu tofauti, na nilivyokuja kuwa na watoto wangu namuelewa mama zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndo zikaja dawa za matende na mabusha. Pwani yetu hii haya magonjwa yalikuwa ya kawaida kiasi kwamba sisi watoto tulikua tukidhani mzee yeyote wa kiume lazima avae msuli mpana na atembee taratibu. Utaratibu ukawa kila mwaka kijiji kizima kinameza, mgonjwa na asiye mgonjwa, kwa sababu vile viminyoo vinakaa kwenye damu ya mtu ambaye anajiona mzima kabisa, mbu akimng'ata usiku anavibeba, anavipeleka kwa mwingine, na mguu unakuja kuvimba miaka mingi baadae. Mkutano wa kijiji ukachagua wagawaji wa dawa, na jina la Bibi lilitajwa kabla mwenyekiti hajamaliza swali. Alikuwa anakaribia miaka sabini, macho yameanza kusumbua, akasema nakubali ila mjukuu wangu ataandika daftari. Mjukuu ni mimi, nilikuwa sekondari, niko likizo, na wala sikuulizwa.

Tulipewa fimbo ndefu ya kupimia yenye mistari. Dawa haziendi kwa umri wala kilo, zinaenda kwa urefu, maana kijijini mizani utaipata wapi. Chini ya sentimita 90 hapewi. Kuanzia hapo mpaka 119 kidonge kimoja cha mectizan, 120 mpaka 140 viwili, 141 mpaka 158 vitatu, 159 kuendelea vinne, halafu na kile kimoja cha albendazole. Mjamzito hapewi, aliyejifungua ndani ya wiki hapewi, mgonjwa aliyezidiwa hapewi. Bibi sentimita hakuzijua na hakutaka kuzijua, yeye anaangalia mstari. Anakusimamisha kwenye ukuta, visigino chini, anaweka kiganja juu ya kichwa chako, anasoma fimbo kwa kidole, ananitajia, naandika. Wavulana wa darasa la sita walikuwa wanainua visigino ili wapewe vinne kama baba zao, Bibi anawagonga kisigino kwa mwiko bila hata kuangalia chini. Na unameza hapohapo mbele yake, halafu unafungua mdomo, unatoa ulimi. Hata mwenyekiti alitoa ulimi.

Mwaka wa kwanza watu wengine walimeza na njaa wakapata kizunguzungu, mmoja akaanguka, uvumi ukatoka kwamba dawa ni ya kumaliza watu, na mwingine kwamba inafunga uzazi na kuua nguvu za kiume. Wataalamu walikuwa wameshatueleza kwamba mwenye viminyoo vingi anaweza kujisikia vibaya vikishaanza kufa, na kwamba watu wale kwanza, lakini nani alisikiliza. Mwaka uliofuata Bibi akawa anatembea na sufuria la uji. Huna kitu tumboni, unapewa kikombe, unakunywa, ndo unameza. Unga wa nani? Wa kwetu. Posho ya wagawaji ilikuwa inachelewa mpaka unasahau, na ikija inatosha sukari. Mama yangu safari hii hakununa, alileta kilo mbili za unga kutoka mjini akaziweka jikoni bila kusema kitu.

Wavuvi ndo walikuwa kazi. Mchana wamelala, usiku wako baharini, ukienda nyumbani unaambiwa hayupo. Wagawaji wengine walikuwa wanaandika hayupo, wanapita. Bibi alinitoa kitandani giza, tukaenda pwani, tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, fimbo kati yetu, mpaka vyombo vikaanza kuingia. Mtu anashuka majini na samaki wake, amelowa, amechoka, anakutana na kikongwe amesimamisha fimbo mchangani na kikombe cha uji mkononi, unakataaje. Nahodha mmoja mzee alikataa. Akasema mimi na dawa zenu hapana. Bibi akasema haya, akanunua samaki kwake, tukaondoka. Kesho tukarudi, akanunua samaki, dawa hakuitaja. Kesho kutwa hivyohivyo. Mpaka yule mzee mwenyewe siku moja akamuuliza, hivi wewe bi mkubwa hizo dawa zimeisha? Akasema yako ipo. Akameza. Kwenye daftari nilikuwa nimeshamuandika amekataa, Bibi akaniamrisha nifute vizuri, nisikate kwa mstari, maana wakija wakubwa wakiona mstari watamuuliza na atajisikia vibaya.

Lakini dawa ile haimrudishii mtu mguu. Hilo watu wengi hawalijui mpaka leo, dawa inakata maambukizi, mguu ulioshavimba unabaki, na kinachomtesa mwenye mguu sio ukubwa tu, ni zile homa, mtoki, ngozi inapasuka, vijidudu vinaingia kwenye mikunjo, mtu anatetemeka siku mbili tatu, akiamka mguu umeongezeka. Jirani yetu alikuwa na hali hiyo. Mama mkali, mdomo mchafu, watoto wake wote wamehamia Dar. Zahanati walimuonyesha Bibi namna ya kumuosha, akaichukua hiyo kazi kama sala. Jioni anabeba beseni, sabuni ya mche, kanga chakavu iliyochanwa vipande. Anaosha taratibu kuanzia juu kushuka, anapanua kila mkunjo kwa vidole viwili, maji yaliyopoa sio ya moto, anasuuza mpaka povu liishe, halafu sehemu ambayo alikuwa haitaki mtu aisaidie, kukausha. Katikati ya kidole na kidole anapitisha kipande cha kanga, anakivuta taratibu upande huu na upande huu mpaka pakauke kabisa, kwasababu unyevu ukibaki pale ndo panapoanzia. Kisha mguu unainuliwa juu ya kigoda kwenye mto wa usufi. Wakati wote huo yule jirani anatukana, anamtukana Bibi, serikali, wanae, mbu. Bibi anajibu tusi kwa tusi. Ukipita nje unadhani watu wanagombana. Na zile homa zilipungua kweli, zikawa zinapita miezi hajaugua.

Mabusha nitapita haraka maana kuna wazee wako hai na watanitafuta. Kulikuwa na kambi za upasuaji wa bure, wanaume wanajificha, na Bibi hakuongea na mwanaume hata mmoja. Aliongea na wake zao, wanawake wenyewe kwa wenyewe, walichoongea mimi nilifukuzwa. Gari lilipokuja lilijaa.

Sasa kuna kitu watu wanapenda kusema kwenye misiba, kwamba aliyewatendea watu wema watu walimlipa. Msinidanganye. Miaka yake ya mwisho macho yalikuwa na mtoto wa jicho, jicho moja akafanyiwa likarudi, lingine hapana, magoti hayataki, na waliokuwa wanakuja kumuona walikuwa wachache. Wengi walishakufa. Wengine wamehama. Wengine wapo na walikuwa wanapita barabarani wanasalimia kwa sauti, "shikamoo bi mkubwa", hao wanapita. Yule bodaboda wa Mikindani alikuwa anakuja, hilo ni kweli, anamletea mkate, lakini hakujua habari za kangomba wala nini, anakuja tu kwasababu ni mtu wa watu. Bibi mwenyewe hilo halikumuumiza kama lilivyotuumiza sisi. Kilichomuumiza ni kuhudumiwa. Alikuwa mgonjwa mbaya kuliko wote aliowahi kuwahudumia, anaficha homa, anakataa kuoshwa, ukimletea uji anauliza wengine wamekula? Tulipishana nae sana.

Mi naishi Dar sasa, Mbagala, nina genge langu, na sijitolei kwenye lolote la kuandikwa jina. Ila kuna vitu mikono inafanya yenyewe. Jirani akifiwa nahesabu, wiki mbili zikipita naenda. Siendi na maneno. Bibi alikuwa anasema usimuulize mtu anataka nini, atakwambia hataki kitu, angalia mtungi, angalia kuni, angalia kama nguo za watoto zimefuliwa. Huku hakuna kuni, naangalia mtungi wa gesi, nautikisa kidogo nikipita jikoni. Mzazi akitoka hospitali, siku zile wageni wamejaa na nepi za zawadi siendi, naenda baadae wakati mama mkwe amesharudi kwao na mtoto analia usiku kucha, namwambia lala, niachie hapa. Na kukaa sikai sana, kwasababu hilo nalo nililiona kwake, alikuwa anakaa muda wa kuchambua fungu moja la mboga, likiisha anaaga, mwenye nyumba hajapata nafasi hata ya kuanza kumuona mzigo.

Na mume wangu ananiambia maneno yaleyale ya mama, kwanini wewe. Tumekubaliana kitu kimoja: hela ya ada za watoto iko kwenye simu yake, sio yangu.

Msiba wa Bibi ulikuwa mkubwa. Walikuja mpaka wa upande wa pili wa Ruvuma, wamepita daraja la Umoja wakazunguka huko Masasi mpaka kwetu, safari sio ya mchezo. Arobaini ikapita, mikorosho ikagawanywa kwa kelele kidogo, wajomba walitaka yao na walipewa, fimbo ya kupimia dawa ilisharudi zahanati siku nyingi. Kitu pekee ambacho hakuna aliyekigombania ni lile beseni. Jirani yupo hai bado, mguu wake upo, mdomo wake upo. Binamu yangu anayeishi pale nyumbani ndo ameanza kwenda jioni, hakuagizwa na mtu, na nilipoenda mwaka jana nikamfuata nishike taa. Yule mama alituangalia tunavyomuosha, akavumilia kidogo, akashindwa.

"Nyie wajukuu zake mnaosha kama mnaosha sahani za shughuli," akasema. "Hebu rudini katikati ya vidole huko, na hiyo kanga iwe kavu, sio hiyo uliyokwishaifutia miguu yako."

Tukarudia.